Video haishuki, haimaliziki au haifunguki: kutafuta chanzo cha matatizo ya upakuaji katika programu ya simu

Mwongozo huu unawahusu wasanidi wa programu za simu zinazomruhusu mtumiaji kupakua video ili aitazame baadaye bila intaneti, pamoja na wale wanaopokea malalamiko ya watumiaji hao kila siku. Mfano utakaotumika ni programu ya masomo: mwanafunzi wa sekondari ananunua bando, anapakua kipindi cha fizikia cha dakika 20, kisha anakitazama nyumbani ambako mtandao ni hafifu au data imekwisha. Kwa mtumiaji huyu, kila megabaiti iliyoingia kwenye simu ni fedha iliyokwisha kulipwa. Kwa sababu hiyo, kila tatizo litakalojadiliwa hapa linapimwa kwa maswali mawili: je, programu imetunza kile ambacho mtumiaji amekwisha kukilipia, na je, imemweleza ukweli kuhusu kinachoendelea? Mengi yanayosingiziwa mtandao, yakichunguzwa vizuri, huonekana kuwa ni programu kushindwa mojawapo ya mambo hayo.

Kabla ya kugusa msimbo

Lalamiko linalosema tu kwamba video "haipakuki" halimsaidii msanidi, na mtumiaji hawezi kulaumiwa kwa kulieleza hivyo, kwa maana kioo cha simu yake hakikumwonyesha zaidi ya hapo. Programu yenyewe ndiyo inayopaswa kuandika, kila upakuaji unaposimama, kitambulisho cha video, idadi ya baiti zilizotarajiwa na zilizopokelewa, namba ya jibu la seva, aina ya mtandao, nafasi iliyobaki kwenye simu, na nani aliyesimamisha kazi: mtumiaji, mfumo wa simu, seva au mtandao. Taarifa hiyo itunzwe ndani ya simu na itumwe pale tu mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kuripoti tatizo, bila kubeba jina lake wala namba yake ya simu. Siku programu inapoanza kuandika kumbukumbu hizi, malalamiko yaliyoonekana kuwa na chanzo kimoja hugawanyika katika mafungu yaliyo wazi, na kazi ya kuyatatua huwa nyepesi.

"Ilifika asilimia 60, mtandao ukakatika, ikaanza upya"

Hili ndilo tatizo linaloumiza zaidi, na ndilo linalostahili kushughulikiwa kabla ya mengine yote. Itifaki ya HTTP, yaani kanuni ambazo simu na seva huzitumia kuwasiliana, ina njia ya kuendeleza upakuaji ulioishia katikati: programu inatuma kichwa cha ombi kiitwacho Range kikieleza baiti ya kuanzia, na seva inayokubali inajibu kwa namba 206, ikituma sehemu iliyobaki tu. Tuchukue faili la baiti 73,400,320, yaani takriban MB 70, lililokatika baada ya baiti 41,943,040. Ombi la kuendeleza linakuwa na mstari huu:

Range: bytes=41943040-

na jibu sahihi linakuwa 206 lenye mstari huu:

Content-Range: bytes 41943040-73400319/73400320

Seva isiyotambua ombi la namna hiyo, au iliyosanidiwa vibaya, hujibu kwa namba 200 na kuanza kutuma faili zima tangu baiti ya kwanza. Hapo ndipo programu nyingi zinapojikwaa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kufuta kilichokuwepo na kuanza upya kimyakimya, na mtumiaji anagundua hilo bando lake linapokwisha. Ya pili ni mbaya zaidi: programu haitazami namba ya jibu, inaunganisha baiti mpya mwishoni mwa zile za zamani, na matokeo yake ni faili refu kuliko asili ambalo katikati yake video inaanza tena. Mtumiaji amelipa zaidi na bado hana cha kutazama. Kwa hiyo msimbo wa kuendeleza lazima uangalie namba ya jibu kabla ya kuandika hata baiti moja, na ukikutana na 200 umwulize mtumiaji kama yuko tayari kuanza upya kwa gharama ya MB 70 nyingine.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo. Mtumiaji anasitisha upakuaji usiku, asubuhi anabonyeza "Endelea", na seva inajibu 403, yaani inakataa ombi. Mara nyingi chanzo ni kiungo chenye saini ya muda, ambacho huduma za kuhifadhi na kusambaza video hukitoa kwa saa chache tu ili kisisambazwe ovyo. Programu iliyotunza kiungo hicho kama kitambulisho cha kazi haina pa kwenda. Kinachopaswa kutunzwa ni kitambulisho cha video yenyewe, ili programu iweze kuomba kiungo kipya kwa seva yake na kuendelea pale ilipoishia. Pamoja na hilo, itunze thamani ya ETag, yaani alama ya seva inayotambulisha toleo la faili, iliyopewa mara ya kwanza na kuirudisha katika kichwa cha If-Range. Kama mwalimu alirekebisha kipindi usiku huohuo na faili limebadilika, seva itajibu 200 na kutuma faili jipya zima, na programu haitaunganisha nusu ya toleo la zamani na nusu ya toleo jipya.

Hali ya tatu ni adimu lakini huwachanganya sana watumiaji: upakuaji unaonyesha kuwa umeshindikana, na kila unapojaribiwa tena unashindikana papo hapo, hata kwenye mtandao mzuri. Namba ya jibu ni 416. Maana yake ni kwamba programu inaomba baiti zilizo nje ya mwisho wa faili, na hilo hutokea pale ambapo baiti zote ziliingia lakini simu ilizimika kabla programu haijaandika kwamba kazi imekamilika. Video iko nzima ndani ya simu. Tiba yake ni kulinganisha urefu wa faili na urefu uliotarajiwa kabla ya kutuma ombi lolote, na kama vinalingana, kulihakiki na kuliweka kwenye orodha ya zilizokamilika.

Kuhusu kujaribu tena, programu isibishane na mtandao uliokatika. Isubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, na kuendelea hivyo hadi kikomo cha dakika chache, huku ikiongeza tofauti ndogo ya nasibu ili simu zote za eneo moja zisirudi kwenye seva kwa sekunde ileile mnara unaporejea. Majibu ya aina ya 500, yaani makosa ya upande wa seva, na kukatika kwa muunganisho vinastahili kujaribiwa tena hivyo. 404 haistahili, kwa sababu faili halipo na kusubiri hakutalileta.

"Nikizima kioo au nikifungua programu nyingine, inasimama"

Swali la kwanza ni hili: inasimama baada ya muda gani? Kwenye Android, kama inasimama baada ya dakika 10 hivi, chanzo kinajulikana. Kazi ya kawaida inayoendeshwa kwa WorkManager, zana ya Android ya kuendesha kazi za nyuma, hupewa muda usiozidi dakika 10, kisha mfumo unaisimamisha. Kipindi cha MB 70 kwenye mtandao wa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde kinahitaji karibu dakika 20, kwa hiyo hakiwezi kukamilika kwa njia hiyo. Kazi ndefu inapaswa kutangazwa kwa mfumo kama huduma inayoonekana kwa mtumiaji kupitia arifa ya kudumu, au, kuanzia Android 14, kama kazi ya kuhamisha data iliyoanzishwa na mtumiaji mwenyewe. Android 14 inadai pia kwamba kila huduma ya namna hiyo itaje aina yake, na Android 15 imeweka kikomo cha saa 6 ndani ya saa 24 kwa huduma za kusawazisha data zinazofanya kazi programu ikiwa nyuma ya pazia. Mtumiaji anayepakua muhula mzima wa masomo kwa mtandao wa polepole anaweza kukifikia kikomo hicho.

Kama inasimama simu ikiwa imelala mezani kwa muda mrefu, chunguza hali ya Doze, iliyoanza na Android 6.0, ambayo huzizuia programu kutumia mtandao hadi vipindi vifupi vinavyoruhusiwa na mfumo. Kama inasimama kwenye aina fulani ya simu tu, yaelekea mtengenezaji ameongeza kidhibiti chake cha betri kinachozima programu zilizo nyuma. Programu haiwezi kukishinda kidhibiti hicho, na haifai kujaribu kukizunguka kwa hila. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba inapofunguliwa tena inaendelea bila kupoteza kitu, na kumwonyesha mtumiaji kwa maneno mepesi mahali pa kuiruhusu kwenye mipangilio ya betri.

Kuanzia Android 13, arifa zinahitaji ruhusa ya mtumiaji. Akikataa, upakuaji unaweza kuwa unaendelea vizuri ilhali yeye haoni chochote kwenye sehemu ya arifa, akaamini umesimama. Ruhusa hiyo isiombwe programu inapofunguliwa mara ya kwanza, kabla hata mtu hajajua ni ya nini. Iombwe pale anapobonyeza "Pakua", kwa sentensi moja inayoeleza kwamba arifa itamwonyesha hatua iliyofikiwa.

Kwenye iPhone kanuni ni tofauti. Upakuaji uliokabidhiwa kwa mfumo kupitia URLSession ya nyuma, zana ya iPhone ya kuhamisha data, huendelea hata programu ikisimamishwa na mfumo, lakini mtumiaji akiitelezesha programu juu kuifunga kwa nguvu, mfumo unafuta kazi hizo zote. Watu wengi wamezoea kufunga programu kwa namna hiyo wakiamini wanaokoa betri. Maneno mafupi chini ya orodha ya upakuaji, "Usiifunge programu kabisa hadi upakuaji ukamilike", yanazuia malalamiko mengi kuliko marekebisho ya msimbo.

"Asilimia zinarudi nyuma, au inakwama kwenye 99"

Kama asilimia zinakwenda vizuri hadi MB 21 hivi kisha zinageuka kuwa hasi, usitafute kosa kwenye mtandao. Tazama mstari unaozidisha baiti kwa 100 kabla ya kugawanya. Namba kamili ya biti 32 haiwezi kuzidi 2,147,483,647, na baiti 21,474,837 zikizidishwa kwa 100 tayari zimeivuka. Tumia namba ya biti 64. Kama asilimia ni hasi tangu mwanzo, seva haikutaja urefu wa faili, na programu imegawanya kwa -1. Katika hali hiyo ni uaminifu zaidi kuonyesha megabaiti zilizoingia kuliko kubuni asilimia.

Kukwama kwenye 99 mara nyingi ni kazi halali isiyotajwa: programu inaunganisha sauti na picha, inahakiki faili, au inalihamishia kwenye kadi ya memori iliyo ya polepole. Mtumiaji anayeona 99 kwa dakika tatu hufunga programu, na akifanya hivyo katikati ya kuhamisha, huenda akapoteza kila kitu. Badilisha maneno kwenye kioo: "Video imeshafika. Inahifadhiwa kwenye kadi." Makadirio ya muda uliobaki nayo yatokane na wastani wa kasi wa sekunde kadhaa zilizopita, kwa sababu makadirio ya papo kwa papo huruka kutoka dakika 2 hadi saa 1 na kurudi, na baada ya muda hakuna anayeyaamini.

"Imepakuliwa, lakini haifunguki"

Anza na ukubwa wa faili. Faili la kilobaiti chache lililopewa jina la video kwa kawaida ni ukurasa wa wavuti au ujumbe wa kosa. Hutokea pale seva inaporudisha ujumbe wa kosa kwa namba 200, au pale simu inapokuwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au chuo inayodai mtu aingie kwanza, na programu inatumia anwani za http zisizo na usalama, ambazo Android 9 na matoleo yaliyofuata huzizuia zisiporuhusiwa kwa makusudi. Hakiki aina ya maudhui iliyotajwa na seva, linganisha urefu, kisha soma baiti za mwanzo: faili la MP4 kwa kawaida lina herufi ftyp kuanzia baiti ya tano. Ukaguzi huu hauchukui hata sekunde moja, na unamwepusha mwanafunzi na kugundua tatizo akiwa kijijini bila mtandao.

Faili likiwa na ukubwa kamili lakini linatoa sauti bila picha, chanzo huwa ni kodeki, yaani njia iliyotumika kubana video na inayohitajika kuifungua. Simu nyingi za bei nafuu hazina uwezo wa kutosha wa kufungua kodeki ya HEVC, hasa ya biti 10. Nakala ya msingi ya kila somo iwe ya kodeki ya H.264 ya biti 8, na nakala nyingine zitolewe kwa simu ambazo programu imezikagua na kuridhika kwamba zinaziweza. Kama video inafunguka ikiwa imekamilika lakini haichezi wakati bado inapakuliwa, faharasa ya faili la MP4, iitwayo moov, imewekwa mwishoni. Ihamishiwe mwanzoni wakati wa kuandaa video.

"Imemaliza bando langu"

Mtumiaji anayelalamika hivi yuko sahihi hata kama programu haikukosea popote, kwa sababu hakuambiwa gharama kabla ya kukubali. Ukubwa unajulikana kwa hesabu rahisi: kilobiti kwa sekunde, mara sekunde, gawanya kwa 8. Kipindi cha dakika 20 chenye picha ya kilobiti 400 na sauti ya 64 ni takriban MB 70. Kipindi hichohicho kwa picha ya 1,500 na sauti ya 128 ni takriban MB 244. Kitufe kilichoandikwa "Ubora wa juu" hakimwambii mtu lolote kuhusu tofauti hiyo. Kiandikwe "Kawaida, MB 70" na "Juu, MB 244", na chaguo la mwanzo liwe lile dogo. Kwa masomo, kipimo cha nakala ndogo ni kama maandishi ya ubaoni yanasomeka kwenye kioo cha inchi 5 au 6. Yasiposomeka, hata MB 70 zimepotea bure.

Mpangilio wa "Wi-Fi pekee" nao unaweza kudanganya. Simu iliyounganishwa kwenye hotspoti ya simu ya rafiki iko kwenye Wi-Fi, lakini data inayotumika ni ya bando la rafiki. Android hutofautisha mtandao unaopimwa, yaani ule ambao data yake inahesabiwa na kulipiwa, na usiopimwa, na programu inapaswa kuuliza hilo badala ya kuuliza tu kama ni Wi-Fi. Kwenye iPhone, tangu iOS 13, ipo mipangilio ya kuzuia matumizi ya mitandao ya gharama na kuheshimu hali ya kubana data. Kwa upande mwingine, wapo watumiaji wasiofikia Wi-Fi kabisa, na kwao mpangilio huo ukiwa umewashwa tangu mwanzo, kitufe cha "Pakua" hakifanyi lolote. Wape chaguo la "Subiri hadi usiku", kwa kuwa bando za usiku ndizo zinazowawezesha wengi kupata data nyingi kwa bei wanayoimudu.

"Inazunguka tu"

Minara ya mtandao kwenye kioo cha simu inaonekana imejaa, alama ya 4G ipo, na hakuna kinachoingia. Mara nyingi bando limekwisha, na muunganisho unabaki wazi bila data kupita. Programu isiyo na kikomo cha muda wa kusubiri itazunguka hadi mtumiaji achoke. Weka kikomo, tambua kama mtandao umethibitishwa na mfumo kuwa unafika intaneti, kisha sema: "Mtandao upo lakini data haipiti. Huenda bando limekwisha. MB 40 zilizokwisha kuingia zimehifadhiwa." Sentensi ya mwisho ndiyo anayoihitaji zaidi. Ujumbe wa "Hitilafu imetokea, jaribu tena baadaye" hauna nafasi popote katika programu ya namna hii.

Chanzo kingine ni kupakua video nyingi kwa pamoja. Vipindi vitatu vya MB 70 vikigawana njia moja nyembamba, vyote vitakamilika karibu wakati mmoja, mwishoni kabisa, na bando likiisha katikati mwanafunzi anabaki na vipande vitatu visivyotazamika. Vikipangwa kwenye foleni, cha kwanza kinakuwa tayari katika theluthi ya muda huo. Mtumiaji aachiwe uhuru wa kubadilisha mpangilio wa foleni.

"Nafasi haitoshi" na "video zangu zimepotea"

Nafasi ikaguliwe kabla ya baiti ya kwanza, na hesabu ijumuishe nakala ya muda kama programu inaunganisha sauti na picha baada ya kupakua, kwani wakati huo inahitajika takriban mara mbili ya nafasi ya video. Ujumbe utaje namba zote mbili na njia ya kutoka: "Video hii inahitaji MB 70, simu imebakiwa na MB 52. Futa masomo uliyokwisha kuyatazama", pamoja na orodha ya masomo hayo palepale.

Video zinazopotea zenyewe huwa zimewekwa kwenye folda ya kashe, yaani hifadhi ya muda, ambayo mfumo unaruhusiwa kuisafisha nafasi inapopungua. Zihamishiwe kwenye folda ya kudumu ya programu, na kwa iPhone ziwekewe alama ya kutoingizwa kwenye nakala rudufu ili zisijaze hifadhi ya mtandaoni ya mtumiaji. Kadi za memori zilizoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 hazipokei faili linalofikia GB 4, jambo linalogusa mihadhara mirefu ya ubora wa juu tu. Kadi inapotolewa, video zilizomo zisifutwe kwenye orodha. Zionyeshwe kwa rangi hafifu na maneno "Kadi haipo", kwa sababu kadi hiyo mara nyingi hurudishwa jioni ileile.

Kuthibitisha kwamba tiba imefanya kazi

Majaribio kwenye Wi-Fi ya ofisini hayathibitishi chochote. Tumia simu ya bei nafuu yenye hifadhi iliyokaribia kujaa, anza upakuaji, washa hali ya ndege ukiwa asilimia 60, zima simu kabisa, iwashe, kisha endelea na uhesabu megabaiti zilizotumika kwa jumla kwenye mipangilio ya data ya simu. Zikizidi ukubwa wa video kwa kiasi kikubwa, programu bado inapoteza kile kilicholipiwa. Kwa Doze, amri ya adb shell dumpsys deviceidle force-idle, inayotolewa kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu, inailaza simu papo hapo bila kusubiri. Kwa viungo vyenye saini, punguza muda wake uwe dakika 1 kwenye seva ya majaribio, sitisha upakuaji, subiri dakika 2, kisha bonyeza "Endelea" na utazame kama jibu linalofuata ni 206.